Kalisto ya Boneti Kumi na Moja

Watu wa Kampala wana tabia moja ambayo nimeidharau tangu nipate akili: kitu kikipewa jina kubwa, basi kimekuwa kikubwa. Kibanda cha soda wanakiita supamaketi. Chumba chenye viti sita ni chuo. Na mtu aliyekodi nyumba kule Naguru, akapachika bango la "Kituo cha Maarifa ya Anga" na kuanza kujiita Daktari, wakamwita Daktari, asipatikane hata mmoja wa kuuliza alimtibu nani au alisomea wapi. Jina lake Opoka. Nitamfikia, sina haraka naye.

Ninayetaka kumsimulia ni Mzee Wangila, mnyoosha bodi za magari, Mkenya wa Bungoma, niliyefanya naye kazi katika gereji moja ya Nateete kwa zaidi ya miaka thelathini. Mimi ni Hamim, fundi wa rangi. Sisi ni Wanubi. Babu wa babu yangu aliletwa hapa na bunduki ya Mwingereza, na mpaka leo nikisema Kiswahili sokoni kuna mama atakayevuta mkoba wake karibu akidhani wanajeshi wa zamani, waliozoea kuamrisha kwa Kiswahili, wamerudi. Kwa hiyo kudharauliwa nakujua, na kudharau nakujua pia, na nakiri mapema kwamba hilo la pili ndilo nilipendalo zaidi.

Wangila alivuka mpaka wa Malaba mwaka 1988. Wenzake walikuja Kampala kuuza mitumba na sabuni. Yeye alikuja kwa sababu alisikia vita vimekwisha na magari ya mji mzima yana matundu ya risasi. Alisikia vizuri. Miaka ile hatukunyoosha ajali, tulinyoosha vita. Ililetwa gari ya Pijo yenye mlango kama chujio la chai, na Wangila akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya bati, kisha akamwambia mwenyewe risasi ipi ilitangulia, ipi ilifuata, na kwamba ile ya chini ilitoka kwa mtu aliyekuwa amelala kifudifudi. Mwenye gari aliingia akawasha, akaondoka na matundu yake, hatukumwona tena. Nilimwambia Wangila afunge mdomo wake, atatufukuzia wateja. Alidhani natania.

Ubishi wake mwingine ulikuwa juu ya utaratibu. Gari likigongwa mara tatu, alisema, pigo la mwisho ndilo la kwanza kutolewa, halafu la kabla yake, halafu la mwanzo. Ukianza ovyo bati linakaza, na bonde moja linazaa mawili. Mimi niliona ni maneno ya kujipa cheo. Bonde ni bonde. Lizibe kwa puti, lipige msasa, nipe nipulize rangi, mteja alipe aende zake.

Lakini kazi ya kunyoosha bodi ina dhuluma yake, na hili hata mimi niliyekuwa nafaidika nalo niliona. Ikifanywa vibaya, kila mtu anaiona. Ikifanywa vizuri, hakuna anayeiona. Mteja anazunguka gari lake, hapati kovu, anatikisa kichwa kwa furaha na kusifu rangi. Ananishika mkono mimi! Wangila yuko nyuma anapangusa vidole kwa kitambaa. Magari maelfu yalipita mikononi mwake, na huwezi kusimama barabarani ukaonyesha hata moja ukasema: hapa, hapa ndipo Wangila alipopiga.

Mwaka 2023 alikuwa na miaka sitini na mitatu. Viungo vya vidole vilikuwa vimeanza kuvimba, na alikwisha kumwambia mkewe kule Bungoma kwamba Krismasi ikifika atarudi nyumbani moja kwa moja. Ndipo Opoka alipokuja.

Alikuja mwezi wa nne, suti ya buluu, viatu vyenye ncha, akikanyaga oili yetu kwa vidole kama kuku kwenye tope. Wiki hiyo Wazungu wa Ulaya walikuwa wamerusha chombo kwenda Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote, kikachunguze miezi yake. Safari ya miaka minane. Opoka aliieleza kana kwamba amekisukuma kwa mkono wake. Kituo chake, alisema, kitafunguliwa rasmi mwezi wa nane, mabalozi watakuja, na alitaka wakiingia tu wakutane na mwezi mmoja wa Mshtarii, wa chuma, mkubwa.

"Mimi nataka hii inaitwa Kalisto," akasema. "Big kabisa. Mtu akiiona, anashika mdomo."

Nilimuuliza kwa nini hiyo. Akasema jina lake ni tamu. Huyo ndiye mtaalamu wetu wa anga. Baadaye niliambiwa kwamba darubini ya kituo iko ndani ya sanduku tangu inunuliwe, kwa sababu miguu yake ya kusimamia haijulikani iliko. Debe tupu haliachi kuvuma.

Alituachia picha nne zilizochapwa kwenye karatasi, na kurasa mbili za maelezo alizozitoa kwenye mtandao bila kuzisoma. Wangila alizisoma. Alizisoma wiki nzima kwa kidole, kisha akanisomea mimi nilipokuwa nachanganya rangi na siwezi kukimbia. Hivyo ndivyo nilivyojua, bila kutaka, kwamba Kalisto una upana unaokaribia sayari nzima ya Utaridi, kwamba ni mawe na barafu, na kwamba hakuna kitu kingine kinachojulikana katika mfumo wetu wote wa jua kilichojaa mashimo kama huo. Chombo cha Wamarekani kiliupita mwaka 1979 na kuupiga picha. Kingine kilikaa huko karibu na Mshtarii miaka minane, kikaukaribia mara kadhaa. Hiki kipya kitaupita mara ishirini na moja. Nikamuuliza Wangila wanatafuta nini mara ishirini na moja kwenye mashimo.

"Hamim, sikia," akasema. "Hii mwezi haina volkano. Haina upepo, haina mvua ya kuosha. Miaka bilioni nne, hakuna mtu amewai kuinyoosha. Kila pigo liko pale lilianguka."

"Gari kama hiyo, hata wakikupa bure, unakataa," nikamwambia.

Hakucheka. Alikuwa ametoa miwani. "Hii moja," akasema, "wataona mahali nilipiga."

Basi nikajua anachotaka. Si sifa, maana asingejua aziweke wapi. Alitaka kabla hajarudi kwao kuwe na kitu kimoja katika mji huu ambacho nyundo yake inaonekana. Mtu mzima, kichwa kimejaa mvi, na hamu kama ya mtoto anayetaka mama atazame alivyoruka. Nilimwonea huruma, na huruma yangu siku zote huja na dharau ndani yake.

Alinunua boneti kumi na moja za magari yaliyokufa, akazikata vipande vyembamba kama maganda ya chungwa, akavichomelea mpaka vikatoa mpira wa chuma unaofika kifuani mwa mtu. Kisha akaanza kupiga. Alipiga majuma mawili. Likaja kosa ambalo mtu mwingine yeyote duniani asingelifanya.

Gereji yetu ina paa la chini na giza. Mwanga wote unaingia kwa mlango, tena kwa chini, kwa sababu juu tumetundika maturubai. Miaka yote hiyo jicho la Wangila lilizoea kusoma bati lililomulikwa kutoka chini: kivuli kikiwa juu, ni uvimbe. Katika zile picha za Kalisto jua lilikuwa limeumulika mwezi kutoka upande wa juu. Wazungu na wataalamu wao wakiziangalia wanaona mashimo. Mnyoosha bodi wa Nateete akaziangalia, akaona vipele. Na vipele ndivyo alivyopiga, akisukuma bati kutoka ndani kwenda nje, mamia, kwa uangalifu mkubwa. Maelezo yalisema mashimo, naye akasema huyo aliyeandika hakuwahi kushika bati.

Aliyemwokoa ni Kulusum, binti wa shangazi yangu, anayetuuzia chai. Kulusum anakaa juani kutwa. Aliweka vikombe, akautazama mpira.

"Mzee Wangila, kwani hiyo mwezi imeshikwa na ndui?"

"Ni vile iko, mama. Angalia picha."

Akaangalia. "Mimi naona matundu."

"Vimbe."

"Matundu! Toka nje hapa, Mzee, uone na jua." Akachukua karatasi, akamshika mkono, akamtoa. Wakasimama pale kwenye tope, jua la saa nne likimulika kutoka juu. Niliuona uso wa Wangila ukibadilika.

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya tairi. Nilimwambia aache vipele vyake, Opoka hawezi kujua tofauti hata ikigongana naye. Akanitazama kama mtu niliyemtukania mzazi, akachukua nyundo, akaanza kuvirudisha ndani kimoja kimoja. Cha mwisho kikawa cha kwanza.

Halafu akaanza upya, na safari hii alipiga Kalisto yenyewe. Siwezi kusema uongo juu ya hili, ingawa ningependa. Alipanga mapigo kwa umri. Yale ya zamani kabisa kwanza, mapana, yenye kingo zilizolala. Juu yake yaliyofuata, yakikata kingo za wazee wao. Kuna moja huko linaitwa Valhala, pigo kubwa kuliko yote, lenye doa jeupe katikati na duara juu ya duara kuzunguka, maelfu ya kilomita, mfano wa maji uliyotupia jiwe yakaganda. Duara hizo zilimchukua siku tisa. Kuna pia safu ya mashimo yaliyojipanga mstari mmoja. Nyota yenye mkia ilisogelea mno Mshtarii, ikavunjwavunjwa, na vipande vikaugonga mwezi kimoja nyuma ya kingine. Safu hiyo aliipiga asubuhi moja bila kupumzika, bila chai. Nilipomuuliza haraka ya nini akasema, "Ziliingia pamoja."

Mimi nilitakiwa niupake rangi ya vumbi, nyeusi-nyeusi, na kwenye vilele vya kingo tu niweke weupe wa barafu, kwa brashi ndogo. Brashi ndogo! Mimi napuliza rangi, sipaki bibi harusi kucha. Nilikubali kwa kununa.

Jumatatu ya juma la ufunguzi, simu ikatoka Bungoma: kaka yake amefariki. Wangila alipanda basi na koti jeusi begani. Jumamosi asubuhi, alisema, atakuwa Naguru. "Hamim, ni rangi tu imebaki," akaniambia. "Usiweke nyingi, itajaa kwa mashimo."

Jumatano Opoka akaja kukagua. Alisimama mbele ya mpira muda mrefu, mdomo wazi. Nikadhani ameshangaa kwa uzuri. Kumbe huo mwezi aliokuwa akiutangaza hakuwahi kuutazama vizuri.

"Fundi, hii nini? Mimi nilisema mwezi. Hii ni gari ya accident."

"Ndiyo iko hivyo, Daktari. Picha zako hizi."

"Picha ni picha! Balozi anakuja na bibi yake, anakuta chuma yenye mabondemabonde? Watasema Waganda hawajui kazi. Nyoosha. Nataka ing'are. Kama haiwezi, baki nayo, mimi nanunua mpira ya plastiki kwa Wahindi."

Ningeweza kumwambia asubiri mwenyewe arudi. Ningeweza kumsomea zile kurasa mbili, nilizokuwa nimezishika kwa moyo kama sura ya Kurani. Nilijipa sababu: bora mwezi wa Wangila utundikwe ukiwa laini kuliko ubaki Nateete ukiota kutu. Sababu nzuri, ingemridhisha shehe. Lakini kweli yake ni nyingine, na kwa kuwa nimewavua nguo wengine acha nijivue na mimi. Opoka alipoondoka, nilifungua kopo la kwanza la puti na moyo wangu ulikuwa mwepesi. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimeitazama kazi ambayo haikunihitaji. Kwa mara ya kwanza maishani mtu angemaliza kuiangalia kazi yetu na kumshika mkono Wangila badala yangu. Nilitia puti makopo tisa. Nilianza mahali nilipokuwa nimesimama. Nilifuta Valhala kabla ya adhuhuri, na ile safu ya asubuhi moja niliijaza kwa kuvuta bapa la chuma mara moja tu, kama mtu anayepaka siagi. Nikapiga msasa siku nzima. Nikapuliza rangi ya fedha, mara tatu, na juu yake vanishi. Ukitaka kunyoa ungejitazama humo.

Jumamosi ukatundikwa Naguru kwenye ukumbi wa kituo, taa mbili juu yake, kibao chini kimeandikwa KALISTO. Chini ya kibao, Opoka alikuwa amepiga skrubu kibati kidogo cha shaba: Kazi ya Fundi Wangila, Nateete. Nadhani alidhani ni ukarimu. Wageni wakaja na manukato yao. Balozi hakuja, alimtuma karani. Wakautazama mpira, wakajitazama ndani ya mpira, wakarekebisha tai. Makofi mengi.

Wangila aliingia wakati wa makofi. Koti la msibani, vumbi la safari kwenye nyusi. Nilimwona akisimama mlangoni akitafuta kwa macho, akaupita mpira, akatafuta kona nyingine, akaurudia. Alikuwa hajautambua.

Wakati huohuo mwalimu mmoja wa sekondari, Celestine, binti Mkenya aliyekuja na wanafunzi wake, aliinua mkono. "Daktari, samahani. Hapa imeandikwa Kalisto. Si Kalisto ndio ile iko na mashimo mingi kupita zote? Mbona hii haina hata moja?"

Vichwa vyote vikamgeukia Opoka. Nikasema moyoni, sasa ameumbuka, leo ndiyo leo. Nilikuwa nimesahau aina ya mtu ninayemzungumzia. Opoka alimnong'oneza msichana wake wa ofisi, msichana akatazama simu, akamnong'oneza naye. Kumbe Mshtarii ina mwezi mwingine, laini kuliko yote, barafu tupu, mashimo ya kuhesabika. Opoka akatabasamu.

"Mwalimu, asante sana. Vijana wangu walikosea karatasi. Hii ni Yuropa."

Kibao kikageuzwa, kikaandikwa upya kwa kalamu nene mbele yetu sote. Makofi tena, makubwa kuliko ya kwanza. Mwalimu akaketi. Mpaka leo watoto wa shule wanaupita pale wakiandika daftarini kwamba Yuropa inang'aa.

Wangila alikuwa amefika mbele. Aliweka kiganja juu ya mpira, akafumba macho, akakipeleka polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Sijui alichosikia chini ya puti yangu. Mimi nilisimama kando yake nikiwa na maneno yangu tayari, plastiki ya Wahindi, bibi wa balozi, bora nusu shari. Hakuniuliza kwa nini.

"Ulianza na gani?" akauliza.

"Nini?"

"Ulipofunga mashimo. Ulianza na gani?"

Ningeweza hata kumdanganya. Ningesema nilianza na ile safu, kwa kuwa ndiyo iliingia mwisho, kisha nikarudi nyuma kwa utaratibu mpaka yale ya wazee. Angalau angeamini kwamba niliyatazama. "Sikuanza na yoyote, Mzee," nikamwambia. "Nilipaka tu zote."

Alitikisa kichwa taratibu. Akatoa sarafu mfukoni, akainama kwa shida ya magoti, akafungua skrubu mbili za kile kibati. Wageni walidhani anakirekebisha. Mmoja alisema fundi huyu anajali kazi yake. Alipomaliza alisimama, akanishika mkono, akaniwekea kibati kiganjani, upande wa jina ukitazama chini.

"Andika lako hapa," akasema. "Iko na nafasi."

Kisha akaenda zake kushika basi la Malaba, na sanduku lake la nyundo hakurudi kulichukua.